Banda la Mpira la Kirumba na Msimu wa Manchester United: Kocha Alaumiwe kwa Lipi?

Banda la kuonyeshea mpira ninaloliandikia liko Kirumba, jijini Mwanza, katika kimojawapo cha vichochoro vinavyoshuka kuelekea soko la samaki la Mwaloni, na biashara yake ni moja tu: kuonyesha mechi. Katika msimu wa 2024/25 wateja wake wengi, nikiwamo mimi, walilipa kiingilio wiki baada ya wiki ili kuitazama Manchester United, timu ambayo ilimaliza Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa nafasi ya 15 kwa pointi 42. Mwenye banda hapangi kikosi wala hasajili wachezaji, kwa hiyo haitakuwa haki kumpunguzia nyota katika tathmini hii kwa sababu West Ham walishinda Old Trafford, uwanja wa nyumbani wa United. Hata hivyo, swali lililojadiliwa humo ndani kila baada ya filimbi ya mwisho, yaani kama Ruben Amorim, kocha wa United wakati huo, anastahili kubebeshwa lawama za msimu ule, ndilo lililowafanya watu waendelee kurudi hata pale ambapo mpira wenyewe haukuwa na mvuto, na tathmini ya huduma hii isiyoligusa itakuwa imeacha nje nusu ya kile ambacho mteja hukilipia.

Nianze na banda lenyewe kwa kifupi. Kuna runinga mbili kubwa, moja kwa mechi kuu na nyingine kwa mechi inayochezwa sambamba. Kiingilio ni shilingi 1,000 kwa mechi kubwa na 500 kwa nyinginezo. Jenereta ipo, na umeme ukikatika picha hurudi kabla watu hawajamaliza kulalamika. Kasoro yake kubwa ni bati. Mvua ya Mwanza ikinyesha, sauti ya mtangazaji humezwa yote na mtu hubaki akisoma midomo. Lakini kwa yule anayetaka kumpima kocha, banda hili lina mambo mawili ambayo sijayaona kwingine Kirumba wala Kitangiri. La kwanza ni kwamba mabenchi mawili ya nyuma yameinuliwa juu ya matofali, hivyo mtu aliyekaa huko huiona timu nzima ilivyojipanga badala ya kuona visogo vya wenzake. La pili ni kwamba mechi ikiisha, kijana anayesimamia mitambo habadilishi stesheni na kuweka muziki, bali huacha mahojiano ya makocha yaendelee, na daima hakosekani mtu wa kuwatafsiria wengine maneno ya kocha. Ubao unaowekwa mlangoni, ambao mchana huandikwa ratiba na viingilio kwa chaki, usiku huingizwa ndani na kugeuzwa kuwa uwanja: mabeki watatu, viungo wawili, na ugomvi huanzia hapo.

Ugomvi huo ulikuwa na msingi. Erik ten Hag, kocha aliyemtangulia Amorim, alipofutwa kazi tarehe 28 Oktoba 2024, United ilikuwa imekusanya pointi 11 katika mechi 9 za ligi, na ilikuwa nafasi ya 14. Ruud van Nistelrooy, aliyeshikilia timu kwa muda, aliongeza pointi 4 katika mechi 2. Amorim alianza tarehe 24 Novemba kwa sare ya 1-1 ugenini kwa Ipswich, na kuanzia hapo hadi mwisho wa msimu alipata pointi 27 katika mechi 27: ushindi 7, sare 6, vipigo 14. Anayesema kwamba kocha huyu alikuta timu imeshazama anasema kweli kwa nusu, kwa sababu alipofika kasi ya kukusanya pointi ilikuwa duni, na yeye hakuipandisha bali ilishuka zaidi. Isitoshe, kati ya ushindi wake 7, mitatu ilipatikana dhidi ya Southampton, Ipswich na Leicester, timu tatu zilizoshuka daraja. Ni kwa sababu timu hizo zilikuwa dhaifu kupita kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na hofu ya kweli ya kuiona United ikishuka, na nadhani jambo hilo liliwafanya watu wengi wasitambue hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Hakuna msimu ambao klabu hiyo ilimaliza chini zaidi tangu iliposhuka daraja mwaka 1974.

Mechi ambayo ningependa kila mshabiki wa Amorim aitazame upya ni ile ya tarehe 30 Desemba 2024 dhidi ya Newcastle, iliyoanza saa 5 usiku kwa saa za hapa. Bruno Fernandes na Manuel Ugarte walikuwa wanatumikia adhabu, kwa hiyo kocha aliwaweka Casemiro na Christian Eriksen katikati, wachezaji wawili waliokwisha kuvuka miaka 30 na ambao mbio zao zilikuwa zimepungua. Newcastle walikuja na viungo watatu: Bruno Guimarães, Sandro Tonali na Joelinton. Kwenye benchi la nyuma hesabu ilionekana wazi hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mbinu, maana kila Eriksen alipomfuata Tonali, Guimarães alibaki peke yake, na Casemiro alipomfuata Guimarães, Joelinton aliingia kwenye nafasi iliyoachwa. Alexander Isak alifunga kwa kichwa katika dakika ya 4, na Joelinton naye akafunga kwa kichwa katika dakika ya 19. Dakika ya 33 Amorim alimtoa Joshua Zirkzee, akamwingiza Kobbie Mainoo ili wawe watatu katikati, na mashabiki wa Old Trafford wakashangilia mchezaji wao wenyewe alipotolewa. Mechi iliisha 2-0.

Katika banda watu walimzungumzia zaidi Zirkzee na aibu aliyopewa. Mimi niliondoka nikimfikiria kocha. Badiliko lile lilionyesha kwamba aliuona ugonjwa, na kwamba tiba aliijua. Alichokosa ni utayari wa kuitumia kabla ya mambo kuharibika. Wiki zilizofuata alirudi kwenye viungo wawili, na alipoulizwa alirudia mara nyingi kwamba hana mpango wa kuuacha mfumo wake wa mabeki watatu. Mfumo huo haukuwa mbaya kila mahali. Uliifunga Manchester City 2-1 nyumbani kwao mwezi Desemba, na ulipata sare ya 2-2 kwa Liverpool tarehe 5 Januari, kwa sababu katika mechi hizo mpinzani ndiye aliyetakiwa kushika mpira, nao United walijaza watu watano nyuma na kusubiri. Tatizo lilizuka nyumbani, dhidi ya timu ambazo United yenyewe ilipaswa kuwafungua: Bournemouth walishinda 3-0, Brighton 3-1, Crystal Palace 2-0, Wolves 1-0, West Ham 2-0. Ukijumlisha na Newcastle, na Nottingham Forest walioshinda 3-2, na vipigo viwili vya enzi ya Ten Hag kutoka kwa Liverpool na Tottenham, unapata mechi 9 za ligi zilizopotezwa Old Trafford katika msimu mmoja. Mtu anayefungwa kwa njia ileile, uwanja uleule, kuanzia Desemba hadi Mei, hawezi kusema kwamba alikosa muda wa kujifunza.

Hiyo ndiyo sehemu ya lawama ambayo ni yake, na nimeiandika kwa urefu kwa makusudi, kwa sababu watetezi wake huipita haraka na kukimbilia kwa mabosi.

Kwa mabosi nako kuna mengi. Ten Hag alichukua Kombe la FA mwezi Mei 2024 kwa kuifunga City 2-1. Mwezi Julai uongozi ukamwongezea mkataba hadi 2026. Dirisha la usajili la majira ya joto ukamsajilia wachezaji watano, wakiwamo Matthijs de Ligt na Noussair Mazraoui aliowahi kuwafundisha Ajax. Kisha Oktoba ukamfukuza. Mkurugenzi wa michezo, Dan Ashworth, aliyeanza kazi Julai, aliondoka Desemba. Scott McTominay aliuzwa Napoli kabla dirisha halijafungwa, akamaliza msimu akiwa bingwa wa Italia na mchezaji bora wa ligi hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanywa na Amorim. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alitamani kuja mwisho wa msimu, lakini akaambiwa ni sasa au basi. Aliondoka Sporting ikiwa imeshinda mechi zote 11 za ligi ya Ureno, siku chache baada ya kuifunga City 4-1 katika Ligi ya Mabingwa, akaingia katika timu iliyojengwa kwa mabeki wanne, isiyo na hata beki mmoja wa pembeni wa kushoto aliyeumbwa kwa mfumo wake, na mshambuliaji mkuu, Rasmus Højlund, aliyemaliza ligi na mabao 4. Katika dirisha dogo alipewa Patrick Dorgu kwa ajili ya upande huo wa kushoto, huku Marcus Rashford akienda Aston Villa kwa mkopo na Antony akienda Real Betis. Mshambuliaji hakununuliwa.

Hoja ya kwamba "hawakuwa wachezaji wake" hujibiwa bandani kwa jina moja, Arne Slot, aliyeifundisha Liverpool msimu huo, na hujibiwa kwa sauti kubwa kwa sababu mashabiki wa Liverpool hawapungui pale. Slot alirithi kikosi cha Jürgen Klopp, akaongezewa Federico Chiesa ambaye hakucheza sana, na bado akachukua ubingwa mechi nne zikiwa zimesalia. Ni jibu zuri, ila lina tundu. Slot alifika majira ya joto, akapata maandalizi ya msimu, na hakugeuza mfumo. Aliichukua timu iliyokwisha kuwa nzuri na akaituliza. Kwa hiyo mfano wake unathibitisha jambo ambalo mashabiki wa Liverpool hawakusudii kulithibitisha, kwamba kocha mpya hufanikiwa zaidi akianza na kile ambacho wachezaji wanakijua. Amorim alifanya kinyume, na alifanya hivyo katikati ya msimu, wakati ambapo siku za mazoezi baina ya Alhamisi ya Ulaya na Jumapili ya ligi hazitoshi hata kuponya misuli.

Mfano unaonisaidia mimi zaidi ni Sporting yenyewe, na nashangaa kwamba hautajwi. Baada ya Amorim kuondoka, João Pereira alipewa kikosi kilekile kilichokuwa kimeshinda kila mechi ya ligi, na timu ikaanza kupoteza hadi akafukuzwa kabla ya mwaka kwisha. Rui Borges akaja, akaituliza, na Sporting ikachukua ubingwa wa Ureno. Kikosi kimoja, makocha watatu, sura tatu. Baada ya kuona hivyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba kocha ni kivuli tu na kwamba kila kitu ni fedha na wamiliki. Hata hapa Mwanza, Pamba Jiji waliorejea Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20 walianza msimu huohuo na Goran Kopunović, wakambadilisha mapema na kumpa timu Fred Felix Minziro, na wakabaki kwenye ligi. Tofauti ni kwamba Minziro alipewa kazi moja iliyoeleweka, kuiokoa timu isishuke, na hakuna aliyemtaka aanzishe falsafa mpya mwezi Oktoba.

Usiku wa tarehe 17 Aprili 2025 banda lilijaa kuliko siku nyingine zote nilizolifika, kwa kuwa mwezi ulikuwa bado mkubwa na wavuvi wa dagaa, ambao hupumzika kipindi cha mbalamwezi, walikuwa nchi kavu. United ilikuwa nyuma 4-2 dhidi ya Lyon katika muda wa nyongeza wa robo fainali ya Ligi ya Europa, na watu walikwisha kuanza kutafuta viatu vyao. Fernandes akafunga penalti dakika ya 114, Mainoo akasawazisha dakika ya 120, na Harry Maguire, beki aliyepelekwa mbele kwa kukosa mshambuliaji, akafunga kwa kichwa bao la 5. Ilikuwa inakaribia saa 7 usiku. Mvuvi mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu, baada ya kelele kupungua, alisema kwamba ziwani nyavu zikitoka tupu usiku kadhaa mfululizo, tajiri humbadilisha nahodha kabla hajakubali kwamba injini yake ndiyo iliyochakaa, na kwamba nahodha mjinga ni yule anayeona injini imechakaa na bado anaelekea maji marefu. Sijasikia mchambuzi wa runinga aliyeugawa mzigo huu vizuri zaidi.

Fainali ya Bilbao, tarehe 21 Mei, ilikuwa kinyume cha usiku ule. Amorim alikuwa ameiacha ligi ijiendee kwa wiki kadhaa ili kuokoa nguvu kwa ajili ya kombe hili, na mimi simlaumu kwa hilo, maana mshindi alipata nafasi ya Ligi ya Mabingwa wakati ligini hapakuwa na cha kugombea. Brennan Johnson alifunga bao pekee kabla ya mapumziko. United ilipiga mashuti 16 na Tottenham 3. Micky van de Ven aliuokoa mpira wa kichwa wa Højlund kwenye mstari kwa kujirusha na kuupiga kinyumenyume. Alejandro Garnacho aliingia dakika ya 71, ingawa wengi bandani walitaka aanze badala ya Mason Mount. Uteuzi huo sioni kama ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Kilichonisikitisha ni kwamba Maguire alitumwa mbele tena, kana kwamba bahati ya Lyon ilikuwa mpango. Tottenham walikuwa wameifunga United mara tatu kabla ya hapo katika msimu huo, na mara ya nne haikutofautiana sana na zile za mwanzo.

Kilichofuata London kinastahili kuzingatiwa na yeyote anayetaka kuhukumu makocha kwa jedwali peke yake au kwa kombe peke yake. Ange Postecoglou alimaliza ligi nafasi ya 17 akiwa na vipigo 22, akaipatia Tottenham kombe, na siku 16 baadaye akafukuzwa. Amorim alimaliza nafasi ya 15 bila kombe, akatamka baada ya fainali kwamba angeondoka bila kudai fidia iwapo uongozi na mashabiki wangeona hafai, na akabakizwa. Ukitafuta kanuni moja inayoeleza maamuzi yote mawili, hutaipata.

Kuna mzee mmoja mstaafu ambaye kila mjadala ukifika hapa humleta Alex Ferguson, aliyekuwa kocha wa United: alianza Novemba 1986, akamaliza nafasi ya 11, na kombe la kwanza hakulipata hadi 1990. Namheshimu sana mzee huyo, shikamoo yangu imfikie, lakini hoja yake imetumika kuwatetea David Moyes, Louis van Gaal, José Mourinho, Ole Gunnar Solskjær na Ten Hag kwa zamu, na haikumfanya hata mmoja wao kuwa Ferguson. Uvumilivu hudaiwa pale ambapo kuna kitu kinachokua. Kati ya Januari na Mei mimi sikukiona kilichokua kwenye ligi, isipokuwa Amad Diallo hadi alipoumia.

Kwa hiyo mzigo wangu naugawa hivi. Nafasi ya 15 naiandika kwa jina la uongozi: walimwongezea mkataba mtu waliyekuwa wanamtilia shaka, wakatumia fedha kwa mfumo wake, wakabadili njia Oktoba, na wakamlazimisha mrithi aje wakati usiofaa. Vile vipigo vya nyumbani vilivyofanana naviandika kwa jina la Amorim, kwa kuwa kiungo wa tatu alikuwa amekaa benchi na hakuna bosi aliyemkataza kumtumia. Ningemfukuza? Hapana, si kwa msimu ule, kwa sababu mtu aliyeingia Novemba hakuwa amepewa maandalizi ya Julai. Lakini ningemkatalia mapema kisingizio cha msimu uliofuata, hasa kwa kuwa Matheus Cunha alikwisha kununuliwa kutoka Wolves kabla haujaanza.

Nikirudi kwenye huduma, banda ninalipatia nyota nne kati ya tano, nyota moja nikiizuia kwa ajili ya bati na joto, maana feni mbili hazitoshi watu wanapofika mia. Linamfaa mtu anayependa kubishana kwa hoja kuliko anayetaka kupiga kelele tu, na wanawake wachache wanaokuja hawabughudhiwi, jambo ambalo si la kawaida katika mabanda yetu. Mwenye banda asikie ombi moja: asimruhusu kijana wake kufuta ubao kabla ya mahojiano kwisha. Msimu wa 2025/26 United iliuanza nyumbani dhidi ya Arsenal tarehe 17 Agosti 2025, saa 12:30 jioni kwa saa zetu. Arsenal walitarajiwa kuja na viungo watatu, kama kawaida yao, na ushauri wangu kwa aliyetaka kujua mapema kama Amorim amebadilika ulikuwa afike saa 11, achukue nafasi kwenye benchi la nyuma, na awahesabu walio katikati kabla hajaangalia matokeo.